Mwili Unavyojiweka Sawa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyapata kwa wanafunzi na wazazi wao hapa Nairobi, mengi yakiulizwa mlangoni mwa darasa vitabu vikiwa vimeshafungwa. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, si daktari. Aliye mgonjwa aende hospitali kwanza, kusoma kutamngoja.

Mwalimu, hiyo homeostasisi ni nini kwa lugha ya kawaida?

Ni kazi ya mwili ya kuhakikisha hali ya ndani haiyumbi sana hata hali ya nje ikigeuka. Ndani ninamaanisha kule seli zinakoishi: damu, na majimaji yanayozizunguka seli zenyewe. Seli zina masharti. Zinataka joto la kiasi chake, sukari ya kiasi chake, chumvi, maji, oksijeni, na asidi isiyopanda wala kushuka ovyo.

Wengi hudhani mwili ukiwa sawa umetulia tuli. La. Tazama pasi ya umeme ukiiweka kwenye alama ya pamba: taa huwaka, huzima, huwaka tena. Joto lake linapanda na kushuka muda wote, ila shati haliungui. Mwilini pia kuna kipokezi kinachopima, kuna kituo kinacholinganisha kipimo na kiwango kinachotakiwa, kuna viungo vinavyorekebisha, na marekebisho yakitosha hujizima. Huo ndio mrejesho hasi unaoutaja kwenye mtihani.

Shika jambo moja tu kabla hatujaenda mbali, kwa kuwa maswali mengi hapa chini yanarudi kwake: mwili haulindi usichokipima.

Nani msimamizi wa kazi yote hii? Ubongo?

Kwa sehemu. Chini ya ubongo kuna haipothalamasi, yenye uzito wa gramu chache tu, nayo inaangalia joto, kiu, njaa na homoni nyingi. Lakini kongosho linapima sukari lenyewe bila kungoja amri, na figo zinapima oksijeni zenyewe. Hakuna bosi mmoja.

Kwa nini joto langu ni nyuzi 37 hata Julai, wakati nje ni baridi ya kuvaa majaketi mawili?

Si 37 kamili. Linacheza kati ya 36 na nusu na 37 na nusu hivi, likiwa chini kabisa alfajiri na juu zaidi jioni. Kwa mwanamke hupanda kidogo pia baada ya yai kutoka, na ndiyo maana wapo wanaofuatilia siku zao kwa kipimajoto.

Mtu mzima aliyekaa tu hutoa joto la takriban wati 100. Kazi ya mwili ni kuamua hilo joto liondoke kwa kasi gani. Baridi ya Julai ikikukuta kwenye stendi ya matatu saa kumi na moja asubuhi, mishipa midogo ya ngozi hubana, damu ikabaki ndani karibu na moyo na ini. Vidole vikawa vya barafu kwa makusudi. Isipotosha, misuli inaanza kutetemeka. Mtetemeko huo si udhaifu, ni misuli inayochoma chakula ili itoe joto.

Kwenye jua la Februari kinyume chake hutokea: mishipa ya ngozi inapanuka na jasho linatoka. Jasho lenyewe halipoozi chochote hadi likauke. Lita moja ya jasho ikikauka mwilini huondoka na takriban kilojuli 2,400 za joto. Ndiyo sababu joto la Mombasa linachosha kuliko la Nairobi hata vipimajoto vikisoma sawa: kule hewa imejaa unyevu, jasho linatiririka hadi kwenye viatu na halijakupooza.

Basi kwa nini nikiwa na homa nasikia baridi, na mwili ni moto?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na jibu lake linashangaza hata watu wazima.

Homa si mwili kushindwa kudhibiti joto. Ni mwili kudhibiti joto barabara, lakini kwa kiwango kipya. Vijidudu vikiingia, seli za kinga hutoa kemikali zinazofika kwenye haipothalamasi na kusababisha utengenezaji wa kemikali nyingine iitwayo prostaglandini. Hapo kiwango kinachotakiwa kinapandishwa, tuseme kutoka 37 hadi 39. Sasa wewe una nyuzi 37 na kituo kinataka 39. Kwa hesabu ya haipothalamasi, wewe una baridi. Kwa hiyo mishipa inabana, misuli inatetemeka, unaomba blanketi. Ukifika 39 mtetemeko unakoma. Vita vikiisha, au ukimeza parasetamoli ambayo inazuia utengenezaji wa ile prostaglandini, kiwango kinarudi 37, na ghafla una joto la ziada la nyuzi mbili. Jasho linakumwagika, shuka linalowa. Shosho husema homa imevunjika, na yuko sahihi.

Kuna mambo mawili ya kufanya, na mawili ya kuacha. Mtoto mwenye homa kali akifungwa blanketi tatu na kofia ya sufu ndani ya matatu iliyofungwa madirisha yote, joto lake halina pa kutokea, mpunguzie nguo. Mpe vinywaji. Usimwogeshe maji ya barafu, kwa maana atatetemeka na kutengeneza joto jingine. Wala usitumie aspirini kwa mtoto bila daktari kuagiza. Na kama mmetoka Kisumu au Busia juzi, sema hivyo hospitalini ili apimwe malaria, maana daktari wa Nairobi huenda asiiwazie kwanza. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye homa anapelekwa hospitali siku hiyohiyo, bila mjadala.

Kupigwa na jua ni jambo lingine kabisa. Hapo kiwango hakijapandishwa, ni mfumo uliozidiwa, na parasetamoli haisaidii. Anayechanganyikiwa juani huku mwili ukiwa moto sana anahitaji kivuli, maji juu ya ngozi, upepo na gari la hospitali, upesi.

Nimehamia Nairobi kutoka Mombasa. Mbona ngazi za ghorofa ya nne zinanimaliza?

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Asilimia ya oksijeni hewani ni ileile 21, lakini shinikizo la hewa limepungua kwa karibu moja ya tano, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo kuliko ulivyozoea.

Siku za kwanza vipokezi vilivyo shingoni, pale mshipa mkuu unapogawanyika, vinagundua upungufu na kuharakisha pumzi na moyo. Hilo ni suluhisho la haraka. La kudumu linatoka kwenye figo: zikikosa oksijeni ya kutosha hutoa homoni ya erithropoietini, inayoamrisha uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu zaidi. Hiyo huchukua wiki kadhaa. Chembe moja huishi kama siku 120, basi ukirudi Mombasa likizo fupi hutapoteza ulichopata.

Wanariadha wetu wanaofanya mazoezi Iten, karibu mita 2,400, wanatumia utaratibu huuhuu. Na ndiyo sababu kiwango cha himoglobini, ile protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, ambacho chini yake mtu husemwa ana upungufu wa damu kinarekebishwa kulingana na mwinuko. Ila kama hata baada ya miezi ngazi bado zinakutoa jasho jembamba, usiilaumu Nairobi. Nenda upimwe damu na moyo.

Julai tunalala na jiko la makaa ndani. Watu hufaje usingizini bila kuamka? Mwili hauhisi kwamba oksijeni imekwisha?

Hauhisi. Hapa ndipo ile kanuni ya mwanzo, kwamba mwili haulindi usichokipima, inapouma.

Jaribu kuzuia pumzi sasa hivi. Ile hamu inayokulazimisha uvute hewa haitokani hasa na kukosa oksijeni. Inatokana na kaboni dioksidi inayojikusanya na kuongeza asidi ya damu. Ubongo unaipima kaboni dioksidi kwa makini mno. Oksijeni nayo inapimwa na vile vipokezi vya shingoni, lakini vinapima ile iliyoyeyuka kwenye majimaji ya damu, si ile iliyobebwa na himoglobini.

Makaa yakiungua kwenye chumba chenye hewa haba hutoa kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, haikohozeshi. Inanasa kwenye himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na kuikalia nafasi. Oksijeni iliyoyeyuka inabaki kawaida, kwa hiyo vipokezi vya shingoni vinatoa taarifa kwamba mambo ni shwari. Hupati pumzi za haraka wala ile hofu ya kukosa hewa. Unaumwa kichwa, unasikia kichefuchefu, miguu inalegea, usingizi unakuzidi. Kwenye nyumba ya mabati ya futi kumi kwa kumi, matambara yamezibwa chini ya mlango, haihitaji usiku mzima.

Tatizo ni kwamba watu wana busara nusu. Wanaliacha jiko nje mpaka moshi uishe na makaa yawe mekundu, ndipo wanaliingiza wakiamini hatari imebaki nje. Moshi ndio ulioisha. Kaboni monoksidi inaendelea, hata makaa yakifunikwa jivu. Pika, ota moto mlango ukiwa wazi, kisha jiko litoke nje kabla mtu hajalala. Sina maelewano juu ya hilo.

Ukimkuta mtu amelegea, mtoe nje kwanza, kisha hospitali. Kwa hewa ya kawaida gesi hiyo hupungua kwa nusu katika saa nne au tano. Kwa oksijeni tupu ya hospitali, saa moja au zaidi kidogo. Na mwambie mhudumu waziwazi kwamba kulikuwa na jiko ndani. Kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni ili kupima oksijeni hakitofautishi himoglobini yenye oksijeni na iliyonaswa na gesi hii. Kitasoma asilimia 98 kwa mtu anayekufa.

Sukari ya damu inabakije sawa nikila mara moja tu kwa siku?

Damu yako yote, kama lita tano, ina takriban gramu tano za sukari. Soda ya mililita 300 ina gramu 30 hivi. Kama sukari hiyo ingebaki kwenye damu, kipimo kingepaa mara kadhaa. Lakini kongosho huiona na kumwaga homoni ya insulini, misuli na mafuta hufungua milango, na ini huhifadhi sehemu kama glikojeni, yaani sukari ya akiba. Ugali ni vivyo hivyo, ila polepole zaidi kwa kuwa wanga lazima uvunjwevunjwe kwanza.

Usipokula, sukari ikianza kushuka kongosho lilelile hutoa homoni nyingine, glukagoni, na ini linaanza kurudisha ilichoweka. Akiba ya ini ni takriban gramu 100 tu, na ubongo peke yake hutumia gramu 120 kwa siku. Kwa hiyo ini pia hutengeneza sukari mpya kutoka kwa protini na mafuta yaliyovunjwa. Aliyefunga Ramadhani Eastleigh kuanzia daku hadi magharibi, kama ni mzima, sukari yake hubaki kati ya 4 na 6 kwa vipimo vya milimoli kwa lita bila yeye kujua lolote. Mgonjwa wa kisukari, hasa anayedungwa insulini, asijilinganishe naye. Azungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Na kwenye kisukari, ni nini kimeharibika?

Inategemea. Katika aina ya kwanza, kinga ya mwili imeziua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Katika aina ya pili, ambayo ndiyo ya wengi, insulini ipo lakini seli haziitii vizuri, kongosho likajitutumua miaka hadi likachoka.

Dalili zake nazo ni homeostasisi ikijitahidi. Sukari ikipita takriban 10, figo zinashindwa kuirudisha yote, ikatoka na mkojo na kuvuta maji pamoja nayo. Ndiyo maana mtu hukojoa mno, akaona kiu, akanywa, akakojoa tena. Kabla ya watafiti Banting na Best kuipata insulini Toronto mwaka 1921, mtoto wa aina ya kwanza hakuwa na matumaini. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7.0 au zaidi, na kipimo kikarudiwa kikathibitisha, hicho ni kisukari. Usingoje uanze kukonda.

Ni lazima ninywe glasi nane za maji kila siku?

Hakuna sheria kama hiyo. Chai inahesabika. Uji unahesabika, tikitimaji pia. Figo huchuja takriban lita 180 kwa siku, na karibu zote hurudishwa. Unachokojoa ni lita moja au mbili. Damu ikianza kuwa nzito kwa chumvi, haipothalamasi inakupa kiu na kutoa homoni inayoziambia figo zibane maji, na mkojo unakuwa wa njano iliyokolea. Pombe huizuia homoni hiyo, na ndiyo maana chupa mbili za bia hukutuma msalani mara nne kisha ukaamka na kiu.

Kunywa kupita kiasi nako kuna madhara. Figo zinaweza kutoa lita moja hivi kwa saa. Ukishindana kumeza zaidi ya hapo, chumvi ya damu inashuka na ubongo unavimba.

Kwa nini mtu anayehara hapewi maji matupu?

Kwa sababu anapoteza chumvi pia, na zaidi ya hapo, maji matupu hayaingii vizuri. Kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kuna mlango unaopitisha sodiamu na glukosi kwa pamoja tu, na maji hufuata nyuma yao. Hata kipindupindu hakiufungi mlango huo. Pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, imepimwa kwa ajili yake. Ukikosa pakiti: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Mtoto apewe kwa kijiko, polepole, na kunyonya kuendelee. Kliniki huongeza vidonge vya zinki.

Haya maji ya alkali wanayouza, yanasawazisha asidi mwilini?

Hapana. Asidi ya damu, kwa kipimo cha pH, inashikiliwa kati ya 7.35 na 7.45. Mapafu hufanya hivyo kwa dakika, kwa kutoa kaboni dioksidi. Figo humalizia kwa siku kadhaa. Maji yale yakifika tumboni yanakutana na asidi kali na habari yake inaishia hapo. Hela hiyo nunua matunda.

Nikisimama ghafla naona giza. Nina ugonjwa?

Mara nyingi huna. Ukisimama, nusu lita ya damu au zaidi huteremka miguuni. Vipokezi vya presha vilivyo shingoni na kwenye mshipa mkuu wa moyo hugundua ndani ya sekunde chache, moyo ukaongeza kasi na mishipa ikabana. Ukiwa hujala, hujanywa maji, au unatumia dawa za presha, marekebisho yanachelewa. Ikijirudia, au ukianguka kabisa, pimwa.

Upande wa pili ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Presha ikikaa juu miaka, vipokezi hivyohivyo vinaizoea. Vinaanza kuitetea 160 kana kwamba ndiyo kawaida. Ndiyo maana presha haiumi na mwenye nayo hupanda milima ya Ngong akicheka. Mwili umeacha kuihesabu kuwa kosa, na aliyebaki wa kuipima ni mashine.

Shosho yangu hasikii kiu, na mtoto mchanga hatetemeki. Ni kawaida?

Ndiyo, na wote wawili wanahitaji mtu wa kuwafanyia hesabu. Kiu hupungua na umri, basi mpe shosho chai au maji kwa saa, asingoje kuomba. Mtoto mchanga hutoa joto kwa kuchoma mafuta ya kahawia yaliyo mgongoni na shingoni, lakini ngozi yake ni kubwa kwa kulinganisha na uzito wake, hivyo anapoa upesi. Ngozi kwa ngozi kifuani mwa mama, kofia kichwani, na akaushwe mara tu anapozaliwa.

Kila mrejesho ni hasi, yaani wa kuzuia?

Upo wa kuchochea. Wakati wa kujifungua, kichwa cha mtoto kikibonyeza mlango wa kizazi, oksitosini hutoka, mji wa mimba unabana, kichwa kinabonyeza zaidi, mpaka mtoto atoke. Damu kuganda jerahani ni mfano mwingine.

Nani aligundua mambo haya?

Mfaransa Claude Bernard, aliyeishi 1813 hadi 1878, ndiye aliyesisitiza kwamba uhai unategemea uthabiti wa mazingira ya ndani. Yeye pia ndiye aliyeonyesha kuwa ini hutengeneza sukari. Mmarekani Walter Cannon wa Harvard akalipa wazo hilo jina lake mnamo miaka ya 1920.

Mwanangu wa sekondari hupoteza alama kwenye mada hii. Anakosea wapi?

Majibu ataandika kwa Kiingereza, lakini mantiki ni ileile. Akiulizwa jasho linapoozaje, asiishie kusema jasho linatoka. Aseme linakauka na kuchukua joto kutoka kwenye ngozi. Akiulizwa kuhusu sukari, asichanganye glikojeni na glukagoni, kosa ambalo nalisahihisha kila muhula. Asiseme mishipa ya damu inasogea karibu na ngozi. Haisogei popote, inapanuka. Na kila jibu lifuate mpangilio: kilichobadilika, nani kakipima, nani kaamua, nani katenda, na kipimo kikarudi wapi. Akiruka nani kakipima, alama moja imekwenda.